Muulize Aliyemwajiri Kabla Yako

Miaka michache iliyopita niliombwa kukaa kwenye jopo la usaili la kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo. Nafasi ilikuwa moja tu, ya mlezi wa chumba cha watoto wa chini ya miaka miwili. Mwombaji aliyetuvutia sote alikuwa na cheti cha mafunzo ya malezi, hati ya polisi isiyo na doa, na barua mbili za sifa, zote zikianza kwa maneno "Kwa yeyote anayehusika". Alijibu maswali kwa utulivu. Usaili ukiendelea, mtoto mmoja aliangua kilio mlangoni. Mwombaji akaomba ruhusa, akamchukua, akambembeleza hadi akanyamaza. Mkuu wa kituo akalifunga faili. Kwake yeye uamuzi ulikuwa umeshapita.

Mimi nilibaki nikitazama tarehe. Kazi yake ya kwanza iliishia Machi, ya pili ikaanza Novemba ya mwaka huohuo, na katikati hapakuandikwa kitu. Nikaomba tupige simu kwa mwajiri wa kwanza. Hatukutumia namba iliyokuwa kwenye barua. Tuliitafuta wenyewe namba ya ofisi ya kituo kile. Mama aliyepokea alimsifu: anawahi kazini, msafi, hana maneno na wenzake. Nikamwuliza swali la mwisho: "Akija leo kuomba kazi kwako, utamchukua tena?"

Kimya. Nikasikia kiti kikisogezwa na mlango ukifungwa. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba wazazi wawili walilalamika kwa nyakati tofauti kuwa watoto wao walirudi nyumbani na alama za kufinywa mikononi. Mlezi alikana. Hakuna aliyeona. Kituo kikaona heri kuachana naye bila kelele, na ile barua ya sifa ilikuwa sehemu ya makubaliano ya kuachana bila kelele. Tulipomwita mwombaji na kumwuliza kwa nini aliondoka Machi, alisema mkataba ulikwisha. Tukamweleza tulichosikia, tukampa nafasi ya kujieleza. Akachukua begi lake, akaondoka.

Sijui hadi leo ni nini hasa kilitokea katika kile chumba, na simhukumu mtu kwa maneno ya simu. Kilichonishtua ni kingine. Katika faili lile hapakuwa na karatasi hata moja ya kughushi. Cheti kilikuwa halali, hati ya polisi ilitolewa na polisi kweli, barua zilisainiwa na watu waliokuwepo. Tungemwajiri mchana ule tukiwa na dhamiri safi kabisa.

Tangu siku ile nimeamini kwamba tunapozungumzia kuwachunguza walezi kabla ya kuwaajiri, tunaweka uzito mkubwa mahali pasipostahili. Tunaitaka hati ya polisi kama vile ndiyo uchunguzi wenyewe. Lakini hati ile inajibu swali moja dogo sana: je, mtu huyu amewahi kutiwa hatiani na mahakama, katika nchi hii, kwa jina hili? Ukiyatazama maneno hayo moja moja utaona kwamba kila moja limeacha mwanya wa kupitia mtu mzima.

Anza na jina. Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham nchini Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mwanamume aliyekuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari ya mji huo. Hakuwa mwalimu wa shule yao. Walikuwa wakimfahamu mchumba wake, aliyekuwa msaidizi wa darasa katika shule yao ya msingi. Baada ya hukumu ikabainika kwamba kati ya 1995 na 1999, katika eneo jingine la nchi, mtu huyo alikuwa ametajwa polisi mara kadhaa kwa tuhuma za makosa ya kingono, baadhi yakiwahusu wasichana walio chini ya umri. Hakuna shauri hata moja kati ya hayo lililofikia hatua ya kumtia hatiani. Alipoomba kazi Soham alitumia jina la ukoo la mama yake, na polisi wa huko walilitafuta jina hilo peke yake.

Serikali iliunda tume chini ya Sir Michael Bichard, ambayo ripoti yake ilitoka Juni 2004. Bichard aliandika wazi kwamba mwenye hatia ya mauaji ni mwuaji peke yake, na mimi nakubaliana naye. Lakini aliyoyakuta yanauma. Polisi wa eneo moja walikuwa na habari ambazo hawakuzitunza vizuri, na wa eneo jingine hawakuziuliza ipasavyo. Na shule yenyewe? Haikuifuatilia historia ya kazi ya mwombaji, mapengo yake hayakuulizwa, na ilipokea barua za "Kwa yeyote anayehusika", zilezile nilizozikuta mimi mezani miaka mingi baadaye. Tume ile ndiyo iliyozaa sheria ya 2006 ya kuwalinda watu walio katika hatari, na hatimaye, mwaka 2012, taasisi moja inayotoa taarifa za uchunguzi na kuwafungia wasiofaa, inayoitwa Disclosure and Barring Service. Mfumo mzima ukajengwa. Hata hivyo hakuna mfumo utakaokupigia wewe simu kwa mwajiri wa zamani.

Nchi nayo ina mwanya wake. Desemba 2010 polisi wa Amsterdam walimkamata mlezi wa watoto aliyekuwa amefanya kazi katika vituo vya jiji hilo na kulea watoto majumbani mwa watu. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha miaka 18, kwa kuwadhulumu kingono watoto wengi, baadhi wakiwa wachanga kabisa. Miaka 7 kabla ya kukamatwa, mahakama ya Ujerumani ilikuwa imemtia hatiani kwa kukutwa na picha za watoto za kingono. Ni nchi jirani. Mpaka wenyewe ulikuwa ukivukwa kwa treni bila mtu kuulizwa pasipoti. Hukumu ile haikuvuka pamoja naye. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo linalompa mwajiri haki ya kupata habari za makosa ya aina hii kwa mtu anayeomba kazi ya kukaa na watoto, na linalozitaka nchi wanachama zipeane habari hizo. Hatua nzuri, lakini mwajiri asiyeuliza "Umeishi wapi miaka 10 iliyopita?" hatajua hata nchi ya kuulizia.

Na mahakama? Hapa ndipo penye mwanya mkubwa kuliko yote, na watu wengi hawataki kupatazama kwa kuwa panavunja moyo. Mwaka 2009 mfanyakazi wa kituo cha watoto mjini Plymouth, Uingereza, mwanamke aliyependwa na wazazi, alikutwa amewadhulumu watoto wadogo na kuwapiga picha kwa simu yake. Hii ni miaka 7 baada ya Soham. Uchunguzi wa lazima ulikuwepo, naye alikuwa ameupita. Aliupita kwa sababu hakuwa na kosa lolote kwenye kumbukumbu za polisi. Nchini Australia, ambako mtu hawezi kulea watoto bila kibali maalumu cha kufanya kazi na watoto, mlezi mmoja wa Brisbane alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2024 baada ya kukiri makosa 307. Kibali chake kilikuwa halali.

Wapo wanaozitumia habari hizi kusema uchunguzi ni bure, kwamba mwovu atapita tu. Nakataa kabisa. Hati ya polisi inamzuia aliyekwisha kukamatwa, na hilo si jambo dogo. Bila hiyo, mtu angetoka gerezani leo na kesho akawa mlezi wa chumba cha wachanga. Ninachosema ni kwamba mlango una makomeo kadhaa, nasi tumezoea kufunga komeo moja kisha tukalala.

Kazi hii haifanani na nyingine. Karani wa benki akiiba, hesabu zitasema. Fundi akijenga vibaya, ukuta utapasuka. Mtoto wa miezi minane hana maneno ya kushtaki. Anavuliwa nguo na kubadilishwa nepi mara kadhaa kwa siku, analazwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, na jioni mzazi anapouliza "Leo ameshindaje?" anayejibu ni mlezi yuleyule. Mtu mwenye nia mbaya anayajua haya yote kuliko sisi. Ndiyo maana huja na upole, na kicheko, na utayari wa kubaki hadi jioni wenzake wakishaondoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na anayekaa na mtoto saa tisa kwa siku yuko karibu kuliko nguo.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 3, unazitaka nchi kuhakikisha taasisi zinazolea watoto zinafuata viwango, hasa vya usalama, afya, idadi ya wafanyakazi, kufaa kwao na usimamizi wao. Neno ninalolipenda pale ni kufaa. Mtu anaweza kukosa kosa lolote polisi na bado akawa hafai. Kufaa kunajulikana kwa watu waliomwona mtu akifanya kazi siku ambayo watoto wanane wanalia kwa pamoja na mwenzake hajaja.

Kwa hiyo tumwulize mwajiri aliyetangulia. Na hapa nataka kusema na waajiri wenzangu waziwazi, kwa sababu ndipo tunapowasaliti watoto. Mwajiri wa zamani mara nyingi anajua. Alisikia lalamiko, aliona mkono ukivutwa kwa nguvu, alimhamisha mtu kutoka chumba cha wachanga bila kuandika sababu. Anaponyamaza si kwa ubaya. Anaogopa kushtakiwa kwa kuchafua jina la mtu. Anaogopa wazazi wasikie na kuwatoa watoto. Wakati mwingine anamwonea huruma tu mtu ambaye naye ana familia. Basi anaandika barua nzuri, mtu anaondoka, na tatizo linahama mtaa. Marekani walilipa tabia hii jina, wakaiita kupitisha takataka, na mwaka 2015 sheria ya shirikisho ya elimu ikayataka majimbo yapige marufuku kumsaidia mfanyakazi wa shule kupata kazi mpya pale inapojulikana, au kunapokuwa na sababu ya msingi ya kuamini, kwamba amemdhulumu mtoto kingono. Sheria hiyo inahusu shule. Laiti kila kituo cha watoto wadogo kingejiona kinafungwa nayo.

Kuuliza kuna namna yake. Barua aliyoileta mwombaji mkononi si uthibitisho wa kitu chochote. Nayo namba ya simu aliyoiandika yeye mwenyewe inaweza kuwa ya binamu. Sitanii. Baada ya watoto wawili kuuawa na yaya wao jijini New York mwaka 2012, ilikuja kujulikana mahakamani kwamba jamaa za yaya huyo walikuwa wamesaidia kutunga sifa zake, mmoja akijifanya mwajiri wa zamani. Mwaka 2018 jimbo hilo likafanya kuwa kosa la jinai kudanganya kwa makusudi kuhusu historia ya mtu anayetafutiwa kazi ya kulea watoto. Kwa hiyo tafuta namba mwenyewe. Zungumza na msimamizi wake wa moja kwa moja, si rafiki yake kazini. Omba tarehe za kuanza na kuacha, uzilinganishe na za kwenye fomu. Uliza kama kuna lalamiko lolote lililowahi kutolewa, hata lile ambalo halikuthibitishwa. Kisha uliza lile swali la kumchukua tena, halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Watu wema wanaona ugumu kusema uongo wa moja kwa moja, na kimya chao kina maana.

Mapengo nayo yaulizwe bila haya na bila dharau. Mara nyingi jibu ni la kawaida kabisa: uzazi, ugonjwa, kumuuguza mzazi, kukosa kazi. Aliyekuwa na sababu ya kweli atakuambia, na atakuheshimu kwa kuuliza.

Najua upande wa pili, na una uzito. Wengi wanaofanya kazi hii ni wanawake wa kipato kidogo. Wako waliosingiziwa na mzazi mwenye hasira. Wako waliofanya kosa la ujana lisilohusiana na watoto, na wamebadilika. Uchunguzi ukifanywa kwa pupa utageuka rungu la kuwapigia wanyonge, na mimi sitausifu uchunguzi wa namna hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2014 kuhusu vituo vinavyopata fedha za ruzuku ya malezi ina mfano wa kufaa. Inataja makosa makubwa yanayomfungia mtu, kama mauaji, ukatili dhidi ya watoto, ubakaji, utekaji, kuchoma moto nyumba. Lakini kosa kubwa la dawa za kulevya linamfungia tu likiwa la miaka 5 iliyopita. Kuna njia ya kukata rufaa ikiwa kumbukumbu zina makosa. Uchunguzi unarudiwa angalau kila miaka 5, na unapitia rejesta za wahalifu wa makosa ya kingono na za ukatili dhidi ya watoto katika kila jimbo ambalo mtu ameishi ndani ya miaka 5 iliyopita.

Sheria hiyo inajibu pia kilio ninachokisikia kila mara: "Tunahitaji mtu Jumatatu." Naam, kituo chenye upungufu wa walezi ni hatari pia. Lakini hata pale mwombaji anaporuhusiwa kuanza kabla majibu yote hayajakamilika, lazima uchunguzi wa alama za vidole uwe umerudi, na hadi mengine yarudi anakuwa chini ya macho ya mtu aliyekwisha kuchunguzwa. Haachwi peke yake na mtoto. Mlezi mwaminifu haoni tusi katika hilo. Wengi niliozungumza nao wanalitaka, kwa sababu siku mtoto akipata mchubuko, kuwepo kwa jicho la pili ndiko kunakomlinda hata yeye.

Jicho la pili ndilo somo ambalo Uholanzi ilitoka nalo baada ya Amsterdam. Kuanzia Julai 2013 vituo vyao vinafuata kanuni wanayoiita ya macho manne: mlezi afanye kazi akijua kwamba wakati wowote mtu mzima mwingine anaweza kumwona au kumsikia. Madirisha kwenye milango ya vyumba vya kulala, chumba cha nepi kisichojificha kwenye kona. Mwaka huohuo walianza pia kuwafuatilia wafanyakazi wa vituo bila kukoma, ili mtu akitenda kosa leo habari isisubiri hadi atakapobadilisha kazi. Kule Plymouth, tathmini iliyofanywa baadaye ilionyesha kwamba wenzake wa yule mwanamke waliona tabia yake ikibadilika, wakaona vibaya, wakashindwa kusema. Usaili mzuri hauwezi kuziba pengo la wafanyakazi wanaoogopa kusema.

Kuhusu yaya wa nyumbani nitasema kidogo, maana mzazi huko ndiye jopo, ndiye polisi na ndiye mkaguzi. Sheria nyingi za vituo hazimfikii. Kwa hiyo simu kwa familia alizozitumikia kabla zina uzito maradufu, na wiki ya kwanza mzazi akiweza kubaki nyumbani ataona mengi ambayo hakuna karatasi itakayomwonyesha. Na uchunguzi usiishie kwa mlezi pekee. Dereva wa gari la watoto, mpishi, mlinzi, kijana anayejitolea wakati wa likizo, ndugu wa mwenye kituo anayeingia na kutoka: wote wanapita mlango uleule. Mtu wa Soham alikuwa mtunza majengo.

Kituo kile nilichokaa kwenye jopo lake kilibadilisha fomu yake. Mstari wa "ambatanisha barua za sifa" umeondolewa. Badala yake mwombaji anaandika kila mahali alipofanya kazi na kila jina alilowahi kutumia, na anasaini kwamba waajiri wake wote watapigiwa simu. Mwaka jana mkuu wa kituo alinipigia. Alikuwa ametoka kuzungumza na kituo kingine kilichoulizia mlezi mmoja aliyeacha kazi kwake. Mlezi huyo alikuwa na malalamiko mawili, ambayo hayakuthibitishwa. "Nilifunga mlango," aliniambia, "nikafungua daftari, nikawasomea tarehe zote mbili na alichojibu yeye mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka kidogo. Nilimwuliza kama alimwambia mlezi kwamba atayasema hayo. Akasema ndiyo, siku alipoaga, walikaa mezani wakayapitia pamoja, na kila mmoja akabaki na nakala.